Rais wa Zamani Kizimbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Sheria na Siasa Zake Nchini Uganda

Maswali haya huulizwa na Waganda wanaozungumza Kiswahili, kutoka Arua na Bombo hadi Busia na Malaba, kila nchi jirani inapomfikisha kiongozi wake wa zamani mahakamani. Katiba yetu ya mwaka 1995 imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo ibara zinazotajwa hapa zimeelezwa kwa maneno ya mwandishi. Mwenye kesi halisi mkononi amwone wakili.

Je, rais wa Uganda anaweza kushtakiwa akishaondoka madarakani?

Ndiyo, ingawa jibu hilo lina mpaka. Ibara ya 98 ya Katiba inasema kwamba Rais, akiwa bado madarakani, hawezi kufunguliwa mashauri katika mahakama yoyote. Ibara hiyo hiyo inaendelea kusema kwamba akishaacha urais anaweza kufunguliwa kesi ya madai au ya jinai kwa jambo alilolitenda, au aliloacha kulitenda, kama mtu binafsi, liwe lilitokea kabla ya urais wake au wakati wa urais huo. Tena inaongeza jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona: pale ambapo sheria inaweka muda wa mwisho wa kufungua kesi, miaka ya urais haihesabiwi ndani ya muda huo. Kwa hiyo kinga ya Rais inaifanya kesi isubiri, haiifuti, na aliyetawala miaka mitano au arobaini hawezi kutoka Ikulu akadai kwamba deni limechakaa.

Kinga hiyo haijawahi kuzuia kesi za uchaguzi, kwa sababu Katiba yenyewe inaziruhusu. Mwaka 2001, 2006 na 2016 Rais aliyekuwa madarakani alikuwa mlalamikiwa mbele ya Mahakama ya Juu. Hizo, hata hivyo, si kesi za jinai.

Maneno "kama mtu binafsi" yana maana gani hasa?

Hapa ndipo kesi yoyote ya aina hii itakaposhindwa au kushinda, na itaamuliwa hapa kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa. Wakili wa rais wa zamani hatasimama kwanza kusema kwamba mteja wake hakutenda. Atasema kwamba hata kama alitenda, alitenda kama Rais, na kwamba Katiba imeruhusu mashtaka kwa matendo ya mtu binafsi peke yake.

Tuchukue mifano miwili iliyo mbali na mingine miwili iliyo karibu. Rais akigombana na jirani wa shamba lake kuhusu mpaka wa malisho, akachukua bunduki na kumjeruhi, hakuna atakayesema kwamba alikuwa akitekeleza kazi ya serikali. Rais akitia saini mswada ambao baadaye unaonekana kuwa mbaya, hakuna atakayesema kwamba saini hiyo ni tendo la binafsi. Lakini je, akimwagiza waziri aipe kampuni fulani zabuni ya barabara, na miezi miwili baadaye kampuni hiyo ikamjengea nyumba kijijini kwake? Agizo lilitoka kwenye meza ya urais, ilhali nyumba ni yake na watoto wake. Na je, akiamuru askari wavunje maandamano, watu wakafa? Amri ilitolewa na Amiri Jeshi Mkuu, lakini hakuna sheria inayompa Amiri Jeshi Mkuu ruhusa ya kuua raia wasio na silaha.

Ninavyoona, rushwa ni tendo la binafsi daima, hata ikipokelewa kwenye kiti cha Ikulu, kwa sababu hakuna kiapo cha Rais kinachomtuma akusanye bahasha. Mfano wa askari ni mgumu zaidi, na msomaji asidanganywe na mtu yeyote anayedai kwamba jibu lake liko wazi: kipengele hiki hakijapimwa katika mahakama zetu kwa kesi ya rais wa zamani.

Wengine wamechora mstari huo kwa namna tofauti. Jirani zetu wa Tanzania, katika ibara ya 46 ya Katiba yao, wanakataza waziwazi kumshtaki aliyekuwa Rais kwa jambo alilolifanya akiwa kama Rais, isipokuwa kama aliondolewa na Bunge. Nchini Marekani Katiba haikusema lolote kuhusu kinga ya jinai ya rais, mpaka Mahakama ya Juu ilipoamua tarehe 1 Julai 2024, kwa majaji 6 dhidi ya 3, kwamba Donald Trump ana kinga kamili kwa mamlaka ya msingi ya urais, kinga ya kudhaniwa kwa matendo mengine rasmi, na hana kinga yoyote kwa matendo yasiyo rasmi. Waganda waliokuwa wakiwacheka Wamarekani siku ile walisahau kwamba ibara yetu ina mtego ule ule, tofauti ikiwa kwamba wetu uliandikwa mapema.

Kuondolewa madarakani na Bunge ni sawa na kushtakiwa?

Hapana. Ibara ya 107 inaruhusu Rais kuondolewa kwa matumizi mabaya ya madaraka, kwa mwenendo unaoifedhehesha ofisi, au kwa kukosa uwezo wa mwili au akili. Hoja hutiwa saini na theluthi moja ya wabunge wote, majaji watatu wa Mahakama ya Juu (au bodi ya madaktari, kama hoja ni kukosa uwezo) huchunguza iwapo kuna msingi, kisha theluthi mbili ya wabunge wote hupiga kura ya kumwondoa. Utaratibu huo unamwondolea kazi tu, haumfungi jela.

Kuna tokeo moja la mfukoni ambalo halifahamiki vya kutosha. Katiba inalitaka Bunge litunge sheria ya mafao kwa rais aliyeondoka, isipokuwa yule aliyeondolewa kwa matumizi mabaya ya madaraka au kwa mwenendo mbaya. Kwa hiyo rais aliyestaafu kwa amani, kisha akashtakiwa miaka mitatu baadaye, haangukii katika katazo hilo.

Nani anayeamua kwamba kesi ifunguliwe?

Uamuzi huwa mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye ibara ya 120 inasema hapaswi kuelekezwa na mtu wala mamlaka yoyote. Katika makosa ya ufisadi, Mkaguzi Mkuu wa Serikali naye ana uwezo wa kushtaki. Kwenye karatasi uhuru huo ni kamili. Ila Mkurugenzi huteuliwa na Rais kwa pendekezo la Tume ya Utumishi wa Umma na idhini ya Bunge, na anayemshtaki rais wa zamani huwa ameteuliwa ama na mshtakiwa mwenyewe ama na mrithi wake. Akiteuliwa na wa kwanza, watu watasema anamlinda bosi wake. Akiteuliwa na wa pili, watasema ametumwa kulipiza kisasi.

Akishtakiwa, siku za kwanza zitakuwaje? Je, atalala katika gereza la Luzira?

Inawezekana, na hatuhitaji kubuni mfano. Gilbert Bukenya alikuwa Makamu wa Rais tangu 2003 hadi 2011. Miezi michache baada ya kuondoka, alifikishwa kwenye Kitengo cha Kupambana na Ufisadi cha Mahakama Kuu, akihusishwa na ununuzi wa magari wa shilingi bilioni 9.4 kwa ajili ya mkutano wa viongozi wa Jumuiya ya Madola uliofanyika Kampala mwaka 2007. Oktoba 2011 alipelekwa rumande Luzira. Novemba mwaka huo huo mashtaka yaliondolewa, akarudi nyumbani. Makamu si Rais na hakuwa na kinga ya ibara ya 98, lakini kesi hiyo inaonyesha jinsi lango la Luzira linavyoweza kumfungukia mtu mkubwa na kumfungulia tena ndani ya muda mfupi, bila umma kusikia ushahidi wa upande wowote.

Kwa rais wa zamani sheria ni ile ile ya kila mtu. Akikamatwa lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Atasimama kizimbani, karani atasoma mashtaka, na kama kosa ni la kusikilizwa na Mahakama Kuu peke yake, kama vile uhaini au mauaji, hakimu atamwambia asijibu kitu kwa sababu mahakama ile haina uwezo wa kupokea jibu lake. Wengi hudhani kwamba ukimya huo ni kiburi, kumbe ni utaratibu. Anaweza kuomba dhamana mara moja, na akikaa rumande siku 180 kwa kosa la aina hiyo kabla kesi haijapelekwa Mahakama Kuu, dhamana inakuwa haki yake kwa masharti yanayofaa.

Linalobadilika siku hiyo ni lugha. Asubuhi redio zilikuwa zikimwita "Rais Mstaafu", jina lenye heshima na harufu ya uzee mwema. Jioni ni "mshtakiwa namba moja".

Akiwa na kesi, au akitiwa hatiani, anaweza kugombea tena?

Mashtaka peke yake hayamzuii, kwa sababu ibara ya 28 inamchukulia kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hukumu ndiyo inayomzuia. Mgombea urais lazima awe na sifa za kuwa mbunge, na ibara ya 80 inamzuia mtu aliyehukumiwa kifo, au kifungo cha zaidi ya miezi tisa bila nafasi ya kulipa faini, na vilevile aliyetiwa hatiani kwa kosa la udanganyifu au la kukosa maadili ndani ya miaka saba iliyotangulia uchaguzi. Sheria ya Kupambana na Ufisadi ya mwaka 2009 nayo humzuia aliyetiwa hatiani asishike ofisi ya umma kwa miaka kumi.

Katika nchi nyingine mambo yamekwenda tofauti. Trump alitiwa hatiani New York kwa makosa 34 mwezi Mei 2024, na Novemba akashinda uchaguzi. Lula wa Brazili alifungwa Aprili 2018 na hakuweza kugombea mwaka huo, hukumu zake zikabatilishwa 2021, na 2022 akashinda tena. Wanaotaka kummaliza mpinzani kwa hati ya mashtaka wangefaa kuitazama miaka hiyo minne ya Lula.

Kwa nini hakuna rais wa zamani wa Uganda aliyewahi kushtakiwa hapa nyumbani?

Kwa sehemu kubwa ni kwa sababu hawakuwepo. Tangu uhuru mwaka 1962, nchi hii haijashuhudia rais mmoja akimkabidhi mwingine madaraka kwa amani, na rais anayeondoka kwa bunduki haachi anwani. Idi Amin alikimbia 1979 na kufariki Jeddah, Saudi Arabia, tarehe 16 Agosti 2003, bila kusimama mbele ya hakimu yeyote. Milton Obote, aliyepinduliwa mara ya pili 1985, alifariki Johannesburg Oktoba 2005, na serikali iliyotokana na vita dhidi yake ikamzika kwa heshima za kitaifa. Godfrey Binaisa aliishi Kampala mpaka alipofariki 2010 na hakushtakiwa kwa lolote.

Kilichofanyika badala ya kesi kilikuwa uchunguzi. Tume ya kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu, chini ya Jaji Arthur Oder, iliundwa 1986 na kutoa ripoti yake 1994, ikiangalia maovu ya kuanzia 1962 hadi Januari 1986. Ilisikiliza mashahidi wengi, lakini ushahidi mbele ya tume haugeuki kuwa hukumu.

Mzee mmoja wa Bombo, Mnubi aliyefanya kazi ya ukarani serikalini enzi zile, aliwahi kuniuliza tukiwa tumekaa barazani baada ya swala ya alasiri: "Mwanangu, hata kama Amin angerudi, mngemshtaki kwa karatasi zipi? Mimi nilikuwa karani. Amri nzito haikuandikwa. Ilisemwa kwenye simu, na aliyeipokea simu naye alikufa." Nilikuwa na hoja za ibara ya 98 tayari mdomoni, nikazimeza. Kinga huondoka siku ya kuondoka Ikulu, lakini ushahidi huwa umeanza kuondoka miaka mingi kabla.

Mashtaka ya namna hii huleta nini kisiasa?

Hutegemea nani anashtaki, lini, na kwa kosa gani. Mtu akitazama bara letu ataona kwamba hakuna njia moja.

Afrika Kusini ndiyo mfano unaotajwa kwa hofu. Jacob Zuma alifungwa Julai 2021, na si kwa ufisadi bali kwa kuidharau mahakama: alikataa kwenda kutoa ushahidi mbele ya tume, akapewa miezi 15. Ghasia na uporaji vilizuka KwaZulu-Natal na Gauteng, na zaidi ya watu 350 wakafa. Mei 2024 Mahakama ya Katiba ilimzuia kugombea ubunge kwa sababu ya kifungo kile kile, lakini chama chake kipya kilipata zaidi ya asilimia 14 ya kura, na chama tawala kikapoteza wingi wake kwa mara ya kwanza tangu 1994. Wakati huohuo kesi yake ya ununuzi wa silaha, aliyoshtakiwa kwa mara ya kwanza 2005, ilikuwa haijaamuliwa. Mtu anayesema kwamba kifungo kilimwangamiza kisiasa, na anayesema kwamba kilimfufua, wote wana ushahidi wa kuonyesha.

Zambia inafundisha jambo jingine. Frederick Chiluba alimchagua mwenyewe mrithi wake, Levy Mwanawasa, na ni chini ya Mwanawasa huyo ndipo Bunge lilipomwondolea Chiluba kinga mwaka 2002. Mahakama ya London ilimwona 2007 kuwa na wajibu wa kulipa mamilioni ya dola katika kesi ya madai, ila mahakama ya Lusaka ikamwachia huru katika kesi ya jinai Agosti 2009. Viongozi wengi waliotazama hayo hawakusoma kurasa za hukumu. Walichosoma ni kwamba hata mrithi uliyemlea anaweza kukugeuka, na funzo hilo limewafanya baadhi yao wang'ang'anie kiti kuliko ambavyo wangefanya.

Karibu zaidi na sisi, ng'ambo ya mpaka wa magharibi, Seneti ya Kongo ilimwondolea Joseph Kabila kinga Mei 2025, na tarehe 30 Septemba mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo bila yeye kuwepo. Burundi ilimhukumu Pierre Buyoya kifungo cha maisha Oktoba 2020, naye pia hakuwepo. Hukumu ya mtu asiyekuwepo ina faida ndogo kisheria na madhara makubwa kisiasa: haimweki jela, ila inamfungia njia ya kurudi nyumbani kwa mazungumzo. Rwanda ilikwenda kinyume chake. Pasteur Bizimungu, rais wa zamani, alihukumiwa miaka 15 mwaka 2004 akiwa ndani ya nchi, kisha akasamehewa na mrithi wake 2007, naye akanyamaza.

Hapa Uganda kuna uzito mwingine, wa kabila na eneo. Rais akishtakiwa, kijiji chake hakisikii kwamba mtu fulani ameshtakiwa. Kinasikia kwamba sisi tumeshtakiwa. Mwendesha mashtaka asiyelijua hilo atashangaa kwa nini hati ya mashtaka ya kurasa kumi imepokelewa kama tangazo la vita.

Je, mrithi anaweza kumsamehe kabla hajashtakiwa?

Kwa ibara ya 121, hapana. Rais wetu, kwa ushauri wa kamati maalumu, humsamehe mtu aliyekwisha kutiwa hatiani. Kile alichokifanya Gerald Ford nchini Marekani tarehe 8 Septemba 1974, alipomsamehe Richard Nixon kabla ya mashtaka yoyote, hakina mlango huo hapa. Ingehitajika sheria ya Bunge, kama ile ya Msamaha ya mwaka 2000 iliyotungwa kwa ajili ya waasi. Na hata hiyo ina mipaka, kwani Mahakama ya Juu iliamua 2015 kwamba kamanda wa kundi la waasi la LRA, Thomas Kwoyelo, angeweza kushtakiwa, naye alihukumiwa miaka 40 mwaka 2024.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ina nafasi gani?

Uganda iliridhia Mkataba wa Roma mwaka 2002 na kuuingiza katika sheria zake mwaka 2010. Mkataba huo hautambui cheo kama kinga, kwa hiyo ubishi wa "kama mtu binafsi" hauna nguvu huko The Hague. Hata hivyo mahakama hiyo hushughulika tu na makosa makubwa ya kimataifa, na si kila anayefika huko hupatikana na hatia. Laurent Gbagbo wa Côte d'Ivoire alipelekwa 2011 na kuachiwa huru Januari 2019.

Anaweza kupelekwa mahakama ya kijeshi?

Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama za kijeshi hazina uwezo wa kikatiba wa kuwahukumu raia. Mwaka huo huo Bunge lilirekebisha sheria ya jeshi ili kurudisha uwezo huo kwa hali fulani. Kwa rais wa zamani njia hiyo ingekuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu hukumu yake ingetiliwa shaka hata na wanaomchukia.

Mimi raia wa kawaida naweza kumfungulia kesi ya jinai?

Sheria yetu inamruhusu mtu binafsi kupeleka malalamiko ya jinai mbele ya hakimu. Utaeleza kosa, tarehe na mahali, na hakimu akiridhika kwamba kuna kosa atatoa hati ya wito. Kuanzia hapo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anaweza kuichukua kesi hiyo mikononi mwake. Akitaka kuifuta, Katiba inamtaka apate kwanza idhini ya mahakama, kwa kuwa si yeye aliyeianzisha, nawe unaweza kuwepo siku hiyo kusikiliza sababu atakazotoa.